Msimu Mmoja wa Kuiokoa Sindeni

Siku ya kuniaga, vijana wa idara ya ununuzi mliniomba niwaandikie niliyojifunza kiwandani. Nilitaka kukataa, lakini mdomo ulikuwa umejaa keki nikashindwa kusema. Sasa nina wiki ya tatu nyumbani, kuku wangu wote nimeshawapa majina, na naona afadhali niandike. Sitaeleza nilivyopanda vyeo. Hayo yako kwenye faili langu na hayatamsaidia mtu. Nitaeleza safari ya gunia la mahindi kutoka Handeni hadi linapokuwa uji wa shule, na msimu ambao nusura safari hiyo tuikate kwa mikono yetu wenyewe.

Nilianza kazi nikitokea chuoni, na cheti cha utunzaji wa ghala bado kina harufu ya wino. Nilivaa viatu vya kisigino. Mtunza ghala mkuu wakati huo alikuwa Mzee Mhina, mtu mfupi, mkavu, aliyevaa koti la kaki hata jua la Korogwe likiwaka mpaka mabati yanalia. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Aliitikia marahaba huku akitazama miguu yangu.

"Binti, hivyo viatu vitapanda mlima wa magunia?"

Nilivivua. Siku yangu ya kwanza nilishinda peku juu ya magunia, nikijifunza kutumia bambo, kile chuma chenye mfereji unachokichoma kwenye gunia likakutemea punje za ndani. Kuchoma bambo kunaonekana kazi rahisi. Mwuzaji mjanja anajua wageni huchoma juu, kwa hiyo mahindi mazuri anayaweka juu. Mzee Mhina alichoma chini, kati na kwenye mshono, kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kusikiliza joto. Gunia lenye joto katikati lina unyevu, na lenye unyevu litaoza.

Alinifundisha pia kipimo cha chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi na chumvi iliyokauka, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Ikishuka yote chini, yamekauka. Baadaye kiwanda kilileta mashine ya kupima unyevu, nzuri sana, yenye kioo na namba. Betri ilipokwisha tulirudi kwenye chupa. Betri ilikuwa inakwisha mara nyingi.

Kwa miaka mingi tulinunua hivyohivyo. Mahindi mengi yalitoka Sindeni, upande wa Handeni, mengine kidogo Kwashemshi kule milimani. Tulisaga unga kwa ajili ya maduka, na sehemu kubwa ilikwenda shule za bweni na kwenye uji wa watoto wadogo. Nani alilima, alikaushaje, alivuna lini, hatukuuliza. Lori likiingia getini ndipo kwetu mahindi yalipozaliwa.

Kisha wakaja wataalamu na slaidi zao. Walituketisha siku mbili ukumbini wakatueleza juu ya usimamizi wa vihatarishi na uendelevu katika mnyororo wa ugavi. Nilisinzia siku ya kwanza. Siku ya pili walitoa kifaa cha kupima sumukuvu, nikaamka. Sumukuvu ni sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka. Haionekani kwa macho, hainuki, na kupika hakuimalizi. Kiasi kikubwa kinaweza kuua, na kidogo kidogo cha kila siku kinaharibu ini na kudumaza watoto. Kipimo chenyewe kilikuwa kijiti cha karatasi: unasaga sampuli, unachanganya na dawa yake, unachovya kijiti, unasubiri dakika chache. Ikitokea mistari miwili, mahindi yako ndani ya kiwango. Ukitokea mmoja, yamezidi.

Lori la kwanza tulilolipima kwa kijiti lilitoka Sindeni, la kikundi cha Bi Mwajuma.

Huyu Bi Mwajuma alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mjane, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, Mzigua aliyeongea polepole na kukumbuka kila kitu. Alikuwa na desturi ya kupanda mbele na dereva ili kuona mwenyewe mahindi yakipokelewa. Siku hiyo alishuka, akajipangusa vumbi, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo.

Mzee Mhina alichoma bambo, akanusa, akatafuna punje mbili. "Mazuri haya," akasema. Mashine ya unyevu nayo ikakubali. Nikachovya kijiti. Mstari mmoja.

Nikarudia kwa sampuli nyingine. Mmoja. Mara ya tatu Mzee Mhina alisimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Mmoja.

Alikishika kijiti akakinusa, akasema, "Pua yangu imestaafu kabla yangu."

Ilinibidi nitoke nikamwambie mama yule. Nilikaa naye kwenye benchi nikaeleza kila kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akauliza, "Hiyo sumu mmeiona?"

"Haionekani, mama."

"Hainuki?"

"Hainuki."

"Mahindi haya mimi nayala. Wajukuu zangu wanne wanayala. Leo asubuhi wamekunywa uji wake ndipo nikapanda gari." Sauti yake haikupanda. "Sasa unaniambia nimewalisha sumu, au unaniambia hutaki mahindi yangu? Niambie moja nilielewe."

Miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kukataa gunia, sikuwahi kujifunza kumjibu mwenye gunia. Lori likageuza. Nilimsihi wasiyale wala kuyauza kabla sijafika kijijini, akaniahidi kwa niaba yake, si kwa niaba ya wote. Baadhi ya magunia yale yaliuzwa njiani, kwa nani sijui mpaka leo. Hilo ndilo jambo moja katika kazi yangu ambalo bado linanikosesha raha.

Meneja aliitisha kikao kesho yake. Shauri lake lilikuwa fupi: tuifute Sindeni, tununue mikoa mingine. Nilisimama. Sikuwa mtu wa kusimama vikaoni. Mara nyingi nilikaa karibu na mlango ili niwahi chai. Nikasema tukiifuta Sindeni sumu haitafutika, itabaki kwenye sufuria za watu wa huko, na sisi tutakwenda kununua mahali pengine tusipopajua, tukategemea barabara ndefu zaidi. Nikaomba nafasi ya kwenda kutafuta chanzo.

"Msimu mmoja," akasema meneja. "Mavuno yajayo yakikataa tena, Sindeni inatoka kwenye orodha, na ununuzi wa mashambani nitampa mtu mwingine."

Nilikwenda Sindeni kwa pikipiki ya kiwanda. Nilifikia kwa Bi Mwajuma. Alinipokea kwa adabu zote, akanipa maji, akanipa kiti, hakunipa chakula. Baadaye aliniambia alishindwa kujua aniandalie nini, kwa kuwa chakula cha nyumba nzima nilikuwa nimekiita sumu.

Siku ile na nyingine nyingi nilizunguka na kikundi. Niliona mambo niliyotegemea: mahindi yameanikwa kwenye udongo mtupu, yamepigwa kwa fimbo ndani ya magunia mpaka punje zinapasuka, yamerundikwa chumbani yakiwa na unyevu. Niliandika yote. Turubai za kuanikia, mashine ya kupukuchulia, kuchambua yaliyovunjika na yaliyooza, mifuko isiyopitisha hewa. Nilikuwa tayari kurudi Korogwe na orodha yangu nzuri, mpaka nilipomuuliza Bi Mwajuma swali ambalo kumbe lilitakiwa kuwa la kwanza.

"Mama, kwa nini mnavuna mabichi? Hamuwezi kuyaacha shambani yakauke?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anafunga mlango. "Ng'ombe," akasema.

Akanipeleka akanionyesha. Nyuma ya mashamba kulikuwa na lambo, maji pekee yanayodumu kiangazi. Majani yakikauka kule nyikani wafugaji huleta ng'ombe kwenye lambo hilo, na njia ya zamani ya mifugo ilikuwa imelimwa yote. Ng'ombe walipita katikati ya mahindi. Miaka miwili nyuma watu walikuwa wamepigana, mmoja akavunjwa mkono. Tangu hapo kila mkulima akaona afadhali avune mapema mahindi yakiwa na maji kuliko kuwavunia ng'ombe. Yakaanikwa harakaharaka popote, yakafungiwa ndani. Ukungu haukuhitaji mwaliko mwingine.

Nilirudi Korogwe nikamweleza Mzee Mhina. Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote nanusa mahindi," akasema, "kumbe nilitakiwa kunusa ng'ombe." Kisha akaacha kucheka. "Nenda kaongee na wenye ng'ombe. Hilo hakuna mashine italifanya."

Mwenye sauti upande wa wafugaji aliitwa Baba Naserian, Mmasai mrefu, Mkristo, aliyekuwa na simu mbili na hakupokea hata moja. Nilimfuata bomani kwake. Aliponiona akasema, "Takwenya," salamu wanayopewa wanawake. Nikaitika, "Iko," neno pekee la Kimaa nililokuwa nimefundishwa na dereva njiani. Alifurahi akaendelea kwa Kimaa, ikabidi nikiri kwamba hazina yangu imeishia pale.

Nilimweleza habari ya sumu. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyouliza mimi ukumbini. "Na sisi tunanunua mahindi hayohayo," akasema. "Ugali wa watoto wangu unatoka kwa Bi Mwajuma. Lakini mama, ng'ombe hawawezi kunywa maneno. Walifunga njia. Unataka nipite angani?"

Tulikutana ofisi ya kata, mtendaji akiwa katikati. Asubuhi ile ilikuwa ndefu. Wakulima upande huu wa chumba, wafugaji upande ule, na mimi kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka, kila nikijigeuza kinanifinya. Walitajiana makosa ya miaka yote. Yule aliyevunjwa mkono aliuinua wote wauone. Mfugaji mmoja akataja ng'ombe wake waliokatwa mapanga, kila mmoja kwa rangi yake.

Mchana ukaingia ndipo pendekezo likatoka. Wakulima wafungue tena njia ya kwenda lambo, upana wa hatua kumi. Wafugaji wapite humo tu mpaka mahindi yote yakauke na kuvunwa. Baada ya hapo ng'ombe waingie mashambani wale mabua, na samadi ibaki kwa mkulima. Wote waliona ni haki. Kisha mtendaji akauliza njia ya zamani ilipita wapi hasa, na chumba kizima kikageuka kumtazama Bi Mwajuma.

Shamba lake lilikaa juu ya njia. Lilikuwa shamba bora la ukoo, na hatua kumi zingekula sehemu ambayo hata mwaka wa ukame haikumnyima.

Nikaona kazi yangu, kikundi, msimu wote, vinaning'inia kwa mama mmoja aliyeinama akitazama vidole vyake.

"Shamba hili aliniachia marehemu mume wangu," alianza. "Njia hii yeye ndiye aliyeilima. Nilimwambia usiilime, akailima." Watu wakaguna. "Mimi nimeshasahau kumlaumu. Lakini tangu huyu mama wa Korogwe aje, nikimpa mjukuu uji nautazama kwanza. Nautazama, na hakuna ninachokiona. Siwezi kuishi hivyo." Akamgeukia Baba Naserian. "Chukua hatua zako kumi. Ng'ombe wako akikanyaga ya kumi na moja, nakuja bomani kwako na ninahamia huko wewe unilishe."

Baba Naserian alisimama, akavuka chumba, akampa mkono. "Ukihamia," akasema, "nitapata mtu wa kupokea simu zangu." Kicheko kilichofuata ndicho kilichofunga kikao, mtendaji alichelewa kusema amefunga.

Mengine yalikuwa kazi ya kawaida. Kiwanda kilitoa turubai na mashine ya kupukuchulia kwa zamu. Nilifundisha kipimo cha chumvi, na kabla mwezi haujaisha watoto wa shule walikuwa wanawapima babu zao. Mahindi yaliachwa shambani mpaka mabua yakapauka na masuke yakainama. Ng'ombe walipita njiani. Mmoja alikanyaga ya kumi na moja. Baba Naserian alikuja mwenyewe kuomba radhi akiwa na kibuyu cha maziwa. Bi Mwajuma aliyapokea, ila alipima kwanza alama ya kwato kwa hatua zake.

Lori la mavuno hayo lilipoingia getini, Bi Mwajuma hakukaa kwenye benchi. Aliingia chumba cha vipimo, akasimama begani kwangu. Mzee Mhina, aliyekuwa amebakiza siku chache za kazi, alisimama bega lingine. Meneja alikuja kuchungulia mlangoni akijifanya anapita. Nilichovya kijiti.

Mstari wa kwanza ukaja. Tukasubiri. Kisha, taratibu kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji, ukaja wa pili.

"Ndiyo hiyo?" akauliza Bi Mwajuma.

"Ndiyo hiyo, mama."

Alipiga kigelegele mle ndani mpaka mwenzetu wa maabara akaangusha chupa. Mzee Mhina alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Meneja aliingia, akatazama kijiti, akaomba nirudie kwa sampuli nyingine. Nilirudia. Miwili. Nikarudia bila kuombwa, kwa ajili ya raha yangu tu. Miwili.

Sindeni ilibaki kwenye orodha, ikawa ya kwanza. Tuliongeza pia ununuzi wa Kwashemshi, kwa kuwa hali ya hewa ya milimani hailingani na ya Handeni, na upande mmoja ukiyumba mwingine unashika. Samadi iliyoachwa mashambani ilionekana kwenye mavuno miaka iliyofuata. Wale wataalamu walirudi wakapiga picha za njia ya ng'ombe, wakaiweka kwenye slaidi. Safari hii sikusinzia, nilikuwa nawasahihisha.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka wa mvua zile za vuli ambazo hazikutaka kukatika. Kwashemshi udongo uliporomoka, barabara ya kushuka ikafungwa. Sindeni, korongo lililo kati ya kijiji na lami lilijaa, likabeba kalvati lote tulilokuwa tukivukia. Ghala letu la Korogwe lilikuwa linakaribia sakafu, na wanunuzi wengine waliotegemea mikoa ya mbali walikuwa wamekwama kama sisi. Unga wa shule ulitakiwa kutoka baada ya siku nne. Mahindi yalikuwepo, makavu, safi, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, upande wa pili wa korongo ambalo lori halivuki.

Nilimpigia Bi Mwajuma. Nilitegemea aniambie tusubiri maji yapungue.

"Leta lori mpaka kwenye lami," akasema. "Uje nalo wewe mwenyewe."

Nilifika saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imepumzika. Nilisimama ukingoni kwa mabuti ya kuazima, na nilichokiona ng'ambo sikukitegemea. Punda. Zaidi ya thelathini, wamepangwa mstari, kila mmoja na mfuko wa kilo hamsini mgongoni, na wanawake wa Kimasai wakikaza kamba pamoja na wakulima wa kikundi. Mbele yao Baba Naserian, shuka ameikunja kiunoni, akipima kina kwa fimbo. Yule aliyevunjwa mkono alikuwa ameshika punda wa kwanza.

"Maji yako magotini," Baba Naserian akanipigia kelele. "Hawa wamevuka makubwa kuliko haya!"

Wakavuka. Maji yalirukia mifuko, na mifuko haikujali. Walivuka, wakashusha, wakarudi, siku nzima, mpaka lori likalala kwenye springi zake. Bi Mwajuma alivuka na punda wa mwisho, kanga ameipandisha, akikataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia. Nilichoma bambo chini, kati na kwenye mshono, mahindi yakatoka makavu yakilia kwenye kiganja. Nilitaka kusema kitu cha maana mbele ya watu wale wote. Nililia badala yake, na wakanicheka, na walikuwa na haki.

Tulisaga kwa zamu mbili. Siku ya nne nilipanda lori la unga mwenyewe mpaka shule ya mbali kuliko zote. Mpishi mkuu, mama mnene mwenye mwiko mkubwa mkononi, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria ya maji tayari inachemka. Hakuwahi kusikia habari ya kalvati, wala punda, wala hatua kumi za shamba la mtu. Alitazama lori, akatazama saa ya ukutani.

"Mmechelewa kwa saa mbili," akasema. "Watoto wangu wanakunywa uji saa nne."

Ilikuwa kweli. Nilimwomba radhi. Katika miaka yangu yote ya kazi, sijawahi kumwomba mtu radhi nikiwa na furaha namna ile.